Tupige Hodi Kabla ya Kurusha

Ni miaka kumi hivi sasa tangu kilipoanza kuzoeleka visiwani mwetu chombo kidogo chenye mvumo wa nyuki, kinachoruka bila ya rubani ndani yake na kubeba kamera tumboni. Vijana wetu hukiita droni. Wengine hukiita ndege nyuki. Leo si ajabu tena kukiona juu ya hoteli inayotangaza vyumba vyake, juu ya barabara inayozinduliwa, au juu ya harusi ya mwenye uwezo. Watoto hukikimbilia, wazee hukitazama kwa jicho la shaka, na mwenye kukirusha husimama pembeni, macho yake kwenye kioo, kama mtu asiyehusika na wale walio chini ya chombo chake.

Hatuandiki makala haya ili kukilaani chombo. Itakuwa ni ujinga kuikataa elimu kwa sababu tu imekuja na sauti tusiyoizoea. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani kwa ndege za namna hii ili kupata ramani, na miongoni mwa walioifanya kazi hiyo walikuwamo wanafunzi wetu wenyewe. Kazi ambayo zamani ilihitaji ndege kubwa na wataalamu wa kukodi ilifanywa na vijana waliosoma hapa hapa. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni mfano mwema wa kujitegemea.

Tunaloliandikia leo ni mazungumzo baina ya mrushaji na mteja wake kabla ya chombo kuondoka ardhini. Ukiuchunguza ugomvi unaozuka katika kazi hizi utaona kwamba aghalabu haukuzaliwa angani. Umezaliwa ardhini, katika maneno ambayo hayakusemwa. Mteja alipiga simu akasema, "Njoo Jumamosi utupigie picha kutoka juu." Mrushaji, kwa kuogopa kuikosa kazi, akajibu, "Hewala." Ndani ya maneno hayo machache hamna kusudio, hamna saa, hamna kibali, hamna hesabu ya hasara, na zaidi ya yote, hamna habari ya watu watakaokuwa chini. Ikifika Jumamosi kila mmoja ana picha yake kichwani, na picha hizo mbili hazifanani.

Kusudio kwanza

Swali la kwanza ambalo mrushaji hana budi kumwuliza mteja wake si la bei wala siku. Ni hili: picha hizi ni za nini, na nani atakayezitazama? Mwenye hoteli anayetaka filamu ya kutazamwa kwenye simu anahitaji picha iliyosimama wima. Afisa anayetaka filamu ya kuoneshwa kwenye televisheni anahitaji picha iliyolala. Iliyopigwa kwa namna moja haiwi nyingine bila ya kukatwa, na kila kukata ni kupoteza. Jambo hili ni dogo kulisema mezani, lakini ni kubwa likigunduliwa baada ya kazi kwisha.

Kisha ifanywe hesabu. Filamu ya dakika moja, ikiwa kila picha itakaa machoni kwa sekunde tano, inahitaji picha kumi na mbili tu. Kumi na mbili zilizofikiriwa na kuandikwa kwenye karatasi ni bora kuliko mia mbili zilizookotwa ovyo angani. Kila moja iandikwe chombo kitaanzia wapi, kitaelekea wapi, na mtazamaji ataona nini mwisho wa safari yake. Mteja aiweke saini karatasi hiyo, nayo iwe ndiyo mizani ya kazi. Akiomba siku ya pili yake picha ya kumi na tatu, itajulikana kwamba ni nyongeza, na nyongeza ina bei yake.

Inafaa pia mrushaji awe mkweli juu ya mipaka ya chombo chake. Droni ni hodari wa kuonesha mpangilio wa mambo: namna kijiji kilivyokaa baina ya minazi na bahari, namna barabara inavyoviunganisha viambo. Haioneshi vidole vya fundi vikichonga mlango. Haichukui sauti ya mama anayesimulia kazi yake, kwani mvumo wake wenyewe huifunika kila sauti, na sauti ni lazima irekodiwe mbali. Mrushaji mwaminifu atamwambia mteja wake bila ya kuona haya kwamba sehemu hii ya filamu haihitaji droni. Inahitaji mtu mwenye kamera ya mkononi, na subira. Fundi anayesema "ndiyo" kwa kila kitu anauza muda wake, hauzi ujuzi wake.

Bahari haina mteja

Tuchukue mfano wa mteja anayetaka filamu ya kilimo cha mwani huko Paje. Kilimo hiki kilianza kwa njia ya biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya mpaka leo ni wanawake. Mteja huyu anakaa mjini. Anaifungua kalenda yake na kuona kwamba gari inapatikana Jumamosi saa kumi alasiri. Anapanga saa hiyo.

Lakini shamba la mwani limo baharini, na bahari haisomi kalenda ya ofisi. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini. Kila unapoandama mwezi na kila unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita nne. Hizo ndizo siku ambazo maji huondoka mbali, vijiti na kamba za mwani huonekana, na akina mama hushuka kazini. Katika bamvua maji ya kupwa hupatikana aghalabu baina ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Mteja atakayefika saa kumi alasiri siku hiyo hiyo atayakuta maji yamejaa mpaka juu. Atapiga picha ya bahari nzuri ya rangi ya feruzi, na shamba lote litakuwa limelala chini yake halionekani. Mafuta ya gari yatakuwa yameteketea, mrushaji atadai ujira wake, mteja atakataa kulipa, na bahari haitakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kalenda ya kazi ya pwani ni mwezi kwanza, saa ya mkononi baadaye. Jedwali la maji lipo kwa mwenye kulitaka, lakini aliye na busara zaidi atawauliza wanawake wenyewe, kwani elimu hiyo wanayo vichwani mwao na wanaitumia kila siku.

Baada ya maji kuna jua. Pwani ya mashariki jua huchomoza kutoka baharini. Anayepiga picha alfajiri kuelekea baharini atalikuta jua limo ndani ya kamera, na watu wataonekana kama vivuli. Huenda ndivyo mteja anavyotaka, na huenda sivyo, aulizwe. Anayetaka rangi ya maji na mistari ya mashamba ionekane dhahiri atahitaji jua lililopanda. Anayetaka vivuli virefu vya minazi atangoje jioni. Haiwezekani kuyapata yote katika saa moja, na mteja anayeahidiwa yote anadanganywa.

Baada ya jua kuna upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi hushika nafasi yake baada ya hapo mpaka kuelekea Oktoba. Baina yake kuna mvua za masika, na kuelekea mwisho wa mwaka vuli. Hakuna mkataba unaoweza kuiamrisha mvua. Unaloweza kufanya mkataba ni kutaja siku ya akiba, na kusema mapema siku hiyo italipiwa na nani.

Chombo na hatari zake

Wateja wengi hudhani kwamba wakikodi droni kwa siku moja wamelinunua anga la siku nzima. Ukweli ni kwamba betri moja ya droni za kawaida hutangazwa kuwa na nguvu za kiasi cha nusu saa, na mrushaji mwenye hadhari huhesabu dakika ishirini, kwani ni lazima abakishe akiba ya kurudi. Upepo uliokusukuma kwenda ndio utakaokuzuia kurudi. Betri tatu ni saa moja ya kuruka, basi. Mteja akilijua hilo mapema, hatapoteza betri ya kwanza kwa kusema "hebu zungusha kidogo tuone."

Lipo pia jambo ambalo wasiokuwa mafundi hawalijui. Droni nyingi, zikipoteza mawasiliano na mwenye kuzirusha, hurudi zenyewe zilikotoka katika kimo kilichopangwa kabla. Kimo hicho kikiwekwa chini ya vilele vya minazi, chombo kitarudi kwa utiifu na kujigonga kwenye mnazi. Na kikirushwa kutoka kwenye ngalawa inayokwenda, kinaweza kurudi mahali kiliporukia, na hapo kitakuta maji matupu, kwani ngalawa imekwisha kuondoka. Mambo kama haya hayafikiriwi wakati chombo kiko juu na moyo unadunda. Hufikiriwa mezani, na kuhakikishwa kwa miguu.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba mrushaji na mteja, au mwakilishi wake, waende pamoja mahali pa kazi angalau siku moja kabla, katika saa ile ile ya kazi. Wahesabu minazi mirefu, nyaya za umeme na minara ya simu. Huko huko Paje waangalie wageni wanaocheza baharini kwa kuvutwa na tiara kubwa. Kamba za tiara hizo ni nyembamba, urefu wake unazidi mita ishirini, na hazionekani katika kioo cha droni mpaka zimekwisha kuinasa. Wawaangalie hata kunguru, wale walioletwa visiwani mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, kwani ndege wenye viota hawapendi mgeni angani na huweza kumshambulia.

Vibali si hisani

Anga ni mali ya umma na lina wenyewe wa kulisimamia. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za usafiri wa anga za Tanzania zinazohusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Vyombo vya ulinzi na usalama navyo vina neno lao, na ni haki yao kuwa nalo. Mji wetu una kiwanja cha ndege cha kimataifa umbali wa kilomita chache tu, na kisiwa kizima hupitiwa na ndege ndogo za abiria zinazoruka chini. Katika nchi nyingi kikomo cha kimo cha droni ni mita 120, yaani futi 400, nacho hakikuwekwa kwa ajili ya kuwaudhi vijana. Kimewekwa ili droni na ndege yenye roho za watu ndani yake zisikutane.

Vibali havipatikani kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kikao cha mwanzo ni lazima kiseme nani atakayevifuatilia, nani atakayevilipia, na kazi itakuwaje vikichelewa. Imekuwa ni tabia ya baadhi ya wateja kusema, "Wewe rusha tu, sisi tunajuana na wakubwa." Kijana asikubali maneno hayo. Siku chombo kitakapokamatwa, jina litakaloandikwa ni la aliyekirusha, na wale wakubwa watakuwa safarini.

Wala kibali hakimpi mtu ruhusa ya kufanya kila kitu. Kila mwezi wa Julai wananchi wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa. Hupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti mbele ya halaiki ya watu. Ni picha ambayo kila mteja angeitamani kutoka juu kabisa ya vichwa. Lakini chombo cha uzito wa kiasi cha kilo moja kikianguka kutoka mita mia, hakimwulizi aliye chini kama ni mgeni au mwenyeji. Palipo na umati, chombo kikae pembeni na kamera itazame kwa mshazari. Filamu haitapungua uzuri, na hakuna mtoto atakayepelekwa hospitali.

Aliye chini naye ni mhusika

Sasa tunafikia jambo lililotufanya tushike kalamu. Mazungumzo baina ya mrushaji na mteja hufanywa kana kwamba kazi hii ina pande mbili tu. Kwa kweli ina pande tatu. Upande wa tatu ni yule aliye chini.

Nyumba zetu za asili zilijengwa na watu walioifahamu maana ya staha. Nje kuna baraza, mahali pa kila mpita njia. Baada ya baraza kuna daka, mahali pa mgeni anayejulikana. Baada ya hapo kuna ndani, na uani, ambapo mama hufua, hupika, huanika nguo na kuachia nywele zake bila ya wasiwasi. Ukuta ulijengwa kumzuia anayepita kwa miguu. Haukujengwa kumzuia anayepita juu. Kwa hiyo droni inapolivuka paa, inaruka baraza, daka na ukumbi kwa mkupuo mmoja na kutua katika sitara ya watu, na mwenye nyumba hana hata nafasi ya kusema "karibu" au "nenda zako."

Tuliosoma vyuoni utotoni tulifundishwa kwamba Suratun Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Tulifundishwa pia kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi. Tulipoingia skuli za serikali na baadaye kuzisoma sheria za nchi, tulilikuta jambo lile lile kwa lugha nyingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inaihifadhi faragha ya mtu na maskani yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inailinda haki hiyo. Mwaka 2022 Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Dini, mila na sheria zinapokutana katika neno moja, hatuoni udhuru wa mtu kulipuuza kwa sababu tu amenunua chombo kipya.

Wapo watakaouliza: mbona mwenye kamera ya kawaida hupiga picha barabarani na hakuna anayemfanyia makelele? Tofauti ipo. Mwenye kamera ya mkononi anaonekana. Unaweza kugeuza uso, unaweza kumkataza, unaweza kumwuliza jina lake na anakotoka. Lakini aliye chini ya droni hajui kama inamtazama yeye au jirani yake, hajui ipo karibu kiasi gani machoni pa kioo, na hajui aliyeirusha amesimama wapi. Mtu asiyeweza kujua hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa hakukubali.

Turudi kwa wanawake wa mwani. Wamo majini, khanga wamezifunga juu ya magoti, nguo zimelowa, migongo imeinama. Hiyo ni kazi ya halali na ya heshima, lakini si namna ambayo kila mmoja wao angependa kuonekana na dunia nzima. Chombo kinakuja, kinashuka, kinawazunguka, kinakwenda zake. Baada ya miezi miwili picha yao inauza vyumba vya hoteli ambayo hawajapata kuingia mlango wake. Hawakuulizwa, hawakuambiwa, hawakupewa hata ahsante. Tumezoea kuulaani unyonyaji unaochukua karafuu za mkulima kwa bei ya kutupa. Tuutambue pia unaochukua sura yake bure.

Tiba yake si ngumu, na mahali pake ni katika mpango wa kabla. Mrushaji na mteja wamwone Sheha wa shehia, na kupitia kwake waitishe kikao kifupi na kiongozi wa kikundi cha wanawake na wenye nyumba za jirani. Waseme siku, saa, na muda wa kazi. Waoneshe chombo kikiwa chini, kwani chombo kilichoshikwa kwa mkono hakitishi tena. Waseme picha zitakwenda wapi. Wasiotaka kuonekana watengewe upande ambao kamera haitauelekea, au wapigwe kutoka mbali kiasi kwamba mistari ya mashamba inaonekana na nyuso hazitambulikani. Ikiwa akina mama wataombwa warudie kazi yao kwa ajili ya kamera, muda wao ulipwe, kwani maji ya kupwa ni machache na kila dakika wanayompa mpiga picha wanainyima kamba ya mwani. Na kazi ikimalizika, waoneshwe walichopigwa kabla ya kuondoka kwa gari.

Halikadhalika mpango uheshimu nyakati za watu. Mvumo wa droni juu ya msikiti wakati wa swala ya Ijumaa, au juu ya jeneza linalopelekwa makaburini, ni fedheha ambayo hakuna picha inayoifidia. Sheha ndiye atakayejua kama kuna msiba kijijini siku hiyo. Mrushaji aliyetoka mjini hawezi kuujua kwa kutazama ramani.

Yaandikwe

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani imo katika Suratul Baqara, nayo inaamrisha kuandikwa kwa deni. Ni ajabu basi kwamba watu wenye mafunzo hayo huona haya kuandikiana karatasi, wakidhani kwamba kuandika ni kutoaminiana. Kuandika ni kuulinda urafiki.

Karatasi ya kazi hii haihitaji kuwa ndefu. Itaje orodha ya picha, siku na saa, na siku ya akiba. Itaje malipo ya mwanzo na ya mwisho. Itaje mteja ana haki ya kuomba marekebisho mara ngapi. Itaje chombo kikizama baharini kwa sababu ya amri ya mteja, au kwa uzembe wa mrushaji, nani atakayebeba hasara. Kwani kwa kijana aliyeanza maisha, chombo hicho ndicho jembe lake, na kuna vijana ambao hasara ya siku moja huwarudisha nyuma miaka. Itaje picha zitabaki mikononi mwa nani, zitatumika wapi na kwa muda gani. Na kiwemo kifungu kimoja kisichosahaulika: picha zote zitakazonasa kwa bahati mbaya ndani ya nyua za watu zifutwe, wala zisiwekwe, zisitazamwe tena na zisigawiwe.

Tunajua watakuwepo watakaosema kwamba haya yote ni urasimu, na kwamba kazi za siku hizi zinataka wepesi. Sisi tunasema wafanye hesabu. Kikao cha kwanza na mteja ni saa moja na nusu. Kwenda kupaangalia mahali pa kazi ni nauli ya daladala na asubuhi moja. Kikao cha shehia ni jioni moja. Kwa upande wa pili waweke siku iliyopotea kwa sababu ya maji, chombo kilichovunjika kwa sababu ya mnazi, kesi ya kuruka bila ya kibali, na kijiji kizima ambacho tangu siku hiyo kitamtupia mawe kila kijana atakayeonekana na kidude mkononi. Waamue wenyewe njia ipi ni ndefu.

Wito wetu basi ni kwa pande zote. Wenye hoteli na makampuni wasichague mrushaji kwa bei ya chini peke yake. Wamwulize mpango wake, na asiyekuwa nao wamwache. Ofisi za serikali na jumuiya zisizokuwa za kiserikali ziwe za mwanzo kuonesha mfano, kwani bendera mbele ya gari haimpi mtu ruhusa ya kuchungulia uani. Masheha wasikae kungoja malalamiko. Waulize, na waweke daftari la wanaokuja kupiga picha katika shehia zao. Na vijana wetu, ambao ndio tunaowatazamia katika kazi hii, wasiogope kumwuliza mteja maswali mengi. Mteja anayekimbia kwa sababu ya maswali ni yule ambaye angekimbia wakati wa kulipa.

Visiwa vyetu ni vizuri vikitazamwa kutoka juu, na ni haki ya watoto wetu kuvitazama hivyo na kuuonesha ulimwengu. Lakini chini ya uzuri huo wapo watu wenye majina, wenye kazi na wenye haya zao. Mpango wa kazi usiowataja haujakamilika, hata ukiwa na picha kumi na mbili zilizochorwa kwa rangi. Anga ni la wote. Ua ni wa mwenyewe. Tupige hodi kwanza, tukikaribishwa turushe.